Walinifukiza kwa Kuogopa Fimbo

Juzi mama mkwe aliwasha ubani amfukize binti yangu, anayetetemeka kila asubuhi akivaa sare za shule. Harufu ile ilinirudisha utotoni, kijijini Kiwangwa, alasiri ile bibi aliponifunika kanga juu ya chetezo kwa sababu nami nilikuwa nikitetemeka vilevile. Nilipokohoa alisema, “Umesikia? Pepo anatoka huyo.” Nikamwonea huruma pepo, maana nje jua lilikuwa kali.

Kumbe nilikuwa naogopa fimbo ya mwalimu tu. Ubongo uliiagiza tezi ya pituitari, nayo ikaziamuru tezi za juu ya figo zimwage homoni ya msongo. Hayo nilikuja kuyasoma sekondari.

“Umesoma wewe, pepo hajasoma,” mama mkwe alinibeza nilipomweleza hayo.

Binti alikuwa ameshaniambia nani anamchapa.

“Basi mama,” nikamjibu, “kama lazima tufukize, twende tukamfukize mwalimu.”