Chupa ya Bi Tarehe

Mara ya kwanza Bi Tarehe alipoingia dukani kwangu, sikumpenda. Mteja anayeanza na bei nimemzoea: namtajia kubwa, anashtuka, tunashuka ngazi pamoja mpaka tukutane. Yeye bei hakuigusa. Alitoa kipande cha karatasi kwenye mkoba, akakiweka kwenye mdomo wa friza, akafunga kifuniko, akavuta karatasi. Ikatoka bila ubishi.

"Mpira umechoka huu," akasema. "Baridi inatoka, joto linaingia. Ulitaka kumbambikia nani, kaka?"

Mimi nauza friza zilizotumika. Nilianza na moja, nikiisukuma kwenye mkokoteni wa kuazima, na watu wa aina hii nawajua: ama wametumwa na mshindani, ama wanatafuta kasoro ili bei ianguke. Nikamweka kundi la pili, nikakaa chonjo.

Karatasi yake ilinasa kwenye friza ya nne. Akatoa chupa ya plastiki yenye maji nusu, akaisimamisha ndani. "Iwashe. Nitakuja kesho kutwa." Alipokuja, maji yalikuwa jiwe. Nikampa bei yangu ya mwisho, akanipa yake ya kwanza, tukamalizana kwa yake. Juu ya hapo akaniandikisha dhamana ya miezi mitatu.

Jina la Bi Tarehe walimpa majirani, maana hakuna kilichoingia kwenye friza yake bila tarehe. Kuku, samaki, maharage yaliyochemshwa, kila kimoja kwenye mfuko wake, umelazwa bapa ili ugande upesi, na kipande cha plasta kimeandikwa siku. Walisema mumewe alitoroka kabla hajabandikwa yake. Mume aliondoka, wifi akabaki. Dada wa mume huyo alikuwa na chumba nyumbani kwake na alipiga pasi nguo za watu.

Bi Tarehe naye alipikia chekechea chakula cha mchana, watoto arobaini. Mwalimu mkuu alishamwambia wazi: akiharisha mmoja kwa chakula chako, beba sufuria zako. Hakuwa na kazi nyingine.

Zikiwa zimebaki siku kumi dhamana iishe, akanipigia simu Jumapili asubuhi. "Njoo uone friza yako."

Siku kumi. Nikajisemea, huyu anataka kubadilishiwa. Nikaenda na bisibisi na moyo mgumu.

Nilimkuta jikoni ameshika chupa ileile. Alikuwa amekwenda siku nne kumuuguza mama yake. Kabla ya safari aliigandisha chupa ikiwa imesimama, kisha akaipindua, ikasimama kwa kifuniko, barafu ikiwa imeng'ang'ania juu. Sasa barafu yote ilikuwa imejaa shingoni.

"Iliyeyuka, ikashuka, ikaganda tena," akasema. "Friza yako ilizima."

"Chupa mtu yeyote anaweza kuigandisha upya, dada."

"Yaani mimi?"

"Sijasema wewe."

"Hujasema, ila macho yako yamesema."

Wifi yake alikuwa mlangoni, amekunja mikono. "Mnazozana nini? Gonga hiyo nyama, imeganda kama tofali. Nami nipo hapa siku zote, umeme haukukatika."

Nyama kweli ilikuwa tofali, na haikunuka. Lakini mifuko iliyolazwa mmojammoja ilikuwa imeshikana, na chini kabisa palikuwa na barafu ya rangi ya waridi. Damu haitiririki kutoka kwenye nyama iliyoganda. Chupa haikusema uongo, na hapo nilianza kuiogopa friza yangu mwenyewe.

Nikaivuta kutoka ukutani. Mashine ilikuwa inanguruma vizuri. Kando ya soketi, juu ya meza, palikuwa na blanketi lililokunjwa, lina alama ya kuungua yenye umbo la pasi.

"Hapa nani anapiga pasi?" nikauliza.

Wifi akatazama dirisha. "Chumbani kwangu soketi inacheza. Nilichomoa kidogo tu."

"Kidogo tangu lini, wifi?" akauliza Bi Tarehe.

"Alhamisi asubuhi." Akalivuta blanketi kwake. "Jana mchana nikakumbuka. Nikarudishia, ikaganda, nikajua yameisha. Ichemshe sana tu, wifi, itakufa hiyo sumu."

"Kuna sumu isiyosikia moto. Na wanaokula wana miaka minne."

Nikaona mlango wa biashara. Nikamwambia namjua mfuga mbwa, angechukua yote kwa bei ya haraka.

"Na ukimuuzia mama ntilie, nitajuaje?"

Kwa kweli asingejua. Hata mfuga mbwa mwenyewe nilikuwa bado simjui. Bi Tarehe alitoa kila kitu nje, akachana mifuko, akakimwagia mafuta ya taa ili hata mwokotaji asikitamani, akafukia. Kisha akaenda sokoni kununua maharage makavu. Jumatatu watoto walikula, Jumanne wakarudi wote.

Yeye alipoteza nyama ya wiki tatu, kazi ikabaki. Wifi alipoteza soketi ya jikoni na ufunguo wa jiko. Sasa anapiga pasi barazani kwa mkaa, akisema anaonewa. Mimi nilitoka na jina safi, ila kwa kumshuku mwenye chupa nilitozwa miezi mitatu mingine ya dhamana, kwa maandishi.

Siku hizi kila friza ninayouza ina chupa iliyopinduliwa ndani, na bei imepanda kidogo. Bi Tarehe alisikia. Alikuja, akataka mpira mpya wa kifuniko, bure, kama malipo ya chupa yake. Nikampa wa juu kwenye rundo. Aliutoa kwenye karatasi ulimofungwa, akaunusa, akaniomba nimwonyeshe na ule uliokuwa chini yake.