Mpigapicha wa Nyasubi na wivu alionao kwa mdogo wake

Jua halijachomoza, na Mwaisha Salmini yumo majini mpaka magotini. Kanga ameipiga kibwebwe, kamera ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki na kuibeba mgongoni, na mkononi ameshika kamba ya maksai wawili. Anatangulia mbele yao katika jaruba la mpunga lililojaa maji, huku nyuma Masele Mihayo akikandamiza plau ili udongo mweusi upinduke.

"Kulia kidogo, mayu," Masele anamwambia, kwa neno ambalo Wasukuma humwitia mama mtu mzima. "Huyo Dakika ukimvuta sana ananuna."

Jaruba linapokwisha, Mwaisha anamkabidhi kamba Ritha, mke wa Masele. Anapanda juu ya tuta, anajifuta mikono kwa ncha ya kanga, na ndipo anatoa kamera. Hilo ni sharti la Masele: kwanza kazi, kisha picha. Sharti hilo lina mwaka mmoja tu, na Mwaisha hapendi sana kueleza lilikotoka. Lakini ukimwuliza, anaeleza.

Mwaisha ana miaka 43. Studio yake ni chumba kimoja karibu na soko la Nyasubi, mjini Kahama. Siku za kawaida anapiga picha za pasipoti na za mahafali, na mwisho wa wiki anapiga harusi. Mvua zikishajaza majaruba, anapanda bodaboda gizani na kuja huku kwenye mbuga, bonde la udongo mweusi, kuwapiga picha watu wanaolima kwa ng'ombe.

"Harusi ndiyo inayolipa kodi ya chumba," anasema. "Hawa ng'ombe ni kwa ajili ya roho yangu."

Roho hiyo, kwa maneno yake mwenyewe, si nzuri sana.

Baba yao, mzee Salmini, alifika Kahama kutoka Tanga na biashara ya vitenge, akaoa, hakurudi tena. Mwaisha ndiye mtoto wa kwanza. Zuhra, anayemfuata kwa miaka kumi na miwili, alijifunzia kamera mikononi mwa dada yake, akabeba mifuko yake kwenye harusi, kisha akaolewa Geita na kufungua studio yake mtaa wa Kalangalala.

Huko kuna fedha za dhahabu. Mwaisha akipata harusi ya laki tatu anashukuru. Zuhra hutajiwa milioni, na mteja akaomba radhi kwamba ni kidogo.

"Hiyo ni riziki, na mgawaji ni Mungu," anasema Mwaisha. "Sikumwonea wivu kwa hilo. Nilimwonea kwa ile picha."

Miaka mitatu iliyopita Zuhra alikuja likizo, akamfuata dada yake majarubani kwa mara ya kwanza. Walisimama juu ya tuta moja, bega kwa bega, mbele ya ng'ombe walewale wa Masele. Mwaisha alipiga picha nyingi asubuhi hiyo, na zilikuwa nzuri. Zuhra alipiga chache. Katika mojawapo, maksai wanatoka ndani ya ukungu, na yule wa kushoto, Dakika, amegeuza shingo kumtazama Masele, kama mtu aliyeulizwa jambo akaona ajibu.

Liaquat, mwenye mashine ya kukoboa mpunga mjini Kahama, aliiona picha hiyo kwenye simu ya mteja. Akaitafuta, akainunua, akaichapisha kubwa kama mlango na kuitundika juu ya mizani, mahali ambapo kila mwenye gunia lazima asimame.

"Kama angeniibia ningepumua, maana ningekuwa na neno la kusema," anasema Mwaisha. "Hakuniibia kitu. Alisimama nilipokuwa nimesimama, na alichokiona yeye mimi sikukiona."

Watu wakaanza kuingia studio kwake wakiuliza kama yeye ndiye ndugu yake yule dada wa picha ya ng'ombe. Alikuwa akijibu ndiyo, akitabasamu, kisha anamwambia mteja akae sawa asitikise kichwa. Mpunga wa nyumbani akaacha kuupeleka kwa Liaquat. Akawa anautuma mashine nyingine, ingawa ile inavunja mchele.

Misimu iliyofuata hakukosa majarubani. Masele anakumbuka alivyokuwa.

"Mimi nilidhani anataka kununua ng'ombe," anasema Masele, anayelimia watu kwa kukodishwa. "Alikuwa anawaangalia kama wanamdai. Salamu ya haraka, halafu macho kwa Dakika. Nikamwambia mke wangu, huyu mama ana jambo na huyu ng'ombe."

Zuhra naye alikuwa akipiga simu kutoka Geita kuuliza kama majaruba yamejaa, apate kuja. "Nilimwambia mvua bado," anasema Mwaisha. "Wakati naongea naye nilikuwa nimesimama ndani ya maji."

Januari ya mwaka jana Zuhra hakuuliza. Alishuka tu stendi ya Kahama na begi lake, akaja moja kwa moja Nyasubi, na alfajiri dada wawili wakatoka pamoja. Njiani, anasema Mwaisha, hawakuwa na ugomvi wowote. Zuhra alimnunulia chapati. Hilo nalo lilimuudhi.

Siku hiyo Masele alikuwa akichavanga, yaani kuvuruga tope la jaruba lililokwisha limwa ili mche upate pa kushika. Ritha alikuwa mbele na kamba. Pembeni mwa jaruba hilo palikuwa na shimo ambalo zamani watu walichimba udongo wa matofali, na maji yalikuwa yamelifunika lisionekane. Dakika alikanyaga, akazama mpaka kifuani. Nira ikamvuta shingo na kumkaba mwenzake, Subira, ambaye alianza kukoroma.

Masele aliacha plau akakimbilia kufungua nira. Ritha alijitupa kukishika kichwa cha Dakika kisiingie majini, lakini ng'ombe alikuwa mzito kuliko yeye, na alikuwa anarusha pembe.

"Nilimwona Zuhra anaweka kamera yake juu ya nyasi," anasema Mwaisha. "Jambo la kwanza lililonijia moyoni si ng'ombe, wala si Ritha. Ni kwamba sasa yeye hapigi."

Akapiga yeye.

Zuhra aliingia topeni na dera lake, akakumbatia shingo ya Dakika kutoka upande wa pili, akaegemeza shavu lake kwenye shavu la ng'ombe na kusukuma juu. Masele alikuwa ameinama kati ya wanyama wawili, mgongo umepinda, meno yamekamata ncha ya kamba. Mwaisha alishuka mpaka ukingoni mwa maji, akapiga magoti ili awaone kutoka chini, na hakuiacha kamera mpaka watu wa majaruba ya jirani walipokuja mbio na miti na kamba, wakamtoa ng'ombe akiwa hai.

Wote walipokwisha kukaa juu ya tuta wakihema, Masele alimgeukia.

"Mayu, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa."

"Najua. Nilikuona."

Kesho yake Mwaisha aliporudi, Masele aliitika salamu yake vizuri, akamwekea kamba ya ng'ombe mkononi, akaenda zake kushika plau. Hakumweleza chochote, na yeye hakuuliza. Tangu siku hiyo ndivyo ilivyo.

Picha aliyoipata ndiyo bora maishani mwake, na anajua. Nyuso mbili zimegusana, ya mwanamke na ya ng'ombe, zote zimepakwa tope moja, na macho yote manne yanatazama upande mmoja. Aliichapisha, akaiviringisha, akaenda nayo kwa Liaquat, ambako alikuwa hajakanyaga kwa misimu miwili.

Liaquat aliikunjua juu ya meza, akavaa miwani, akaitazama mpaka vijana wa mizani wakaja kuchungulia. Kisha akauliza, "Huyu dada ni nani?"

"Ni Zuhra."

"Zuhra yule yule wa picha yangu? Kumbe na ng'ombe anawajua kiasi hiki."

Mwaisha anacheka anaposimulia hapo, lakini anasema siku ile hakucheka. Aliiviringisha tena picha yake, akamwambia Liaquat kwamba hawezi kuiuza kabla Zuhra mwenyewe hajaiona, akatoka.

Mwenyewe aliiona kwenye sikukuu ya Idi, alipokuja kumwamkia mama yao. Mwaisha alimtandikia picha hiyo kitandani. Zuhra aliinama juu yake. Alipitisha kidole kwenye mgongo wa Masele, kwenye mkono wa Ritha, kwenye shavu lake mwenyewe.

"Ulitumia lenzi gani, dada?" aliuliza hatimaye.

"Ile ile ya zamani. Unayoijua."

"Mimi nilikuwa mle ndani na sikuona kitu. Nilikuwa naona masikio tu." Akagusa tena shavu lake pichani. "Laiti ningekuwa mimi niliyebaki juu."

Mwaisha anasema aliutambua uso aliokuwa nao mdogo wake wakati huo, kwa sababu yeye ameishi nao miaka mitatu. "Nilifurahi. Nilitamani nione aibu kwanza, lakini furaha ilitangulia. Aibu ilikuja baadaye, nilipompakulia pilau nikaona haigusi."

Alipomwuliza kama anaruhusu picha iuzwe, Zuhra alikubali. "Iuze. Lakini jina lako uliandike kubwa, dada, mtu asije akaniuliza mimi."

Sasa Liaquat ameitia kwenye kalenda ya mashine yake. Zuhra amenunua kamera mpya, na tangu Novemba amekuwa akimpigia Masele mwenyewe kuuliza habari za maji. Mwaisha aliligundua hilo kwa Ritha, na hakulipenda.

Mpango walio nao, ambao ni mama yao aliyewasukumia, ni kukodi ukumbi mjini Kahama baada ya mavuno na kuonyesha picha zao pamoja, huku Masele na Ritha wakikaa viti vya mbele. Wameshakubaliana juu ya ukumbi. Ukuta wa kuingilia utakuwa wa nani, bado.

Jumamosi ijayo Masele ataingiza ng'ombe kwenye jaruba kubwa la bondeni, na Zuhra yuko njiani kutoka Geita. Mwaisha ameshamtandikia kitanda.

"Ni mdogo wangu, namwombea afike salama," anasema, akifuta lenzi kwa pindo la kanga. "Na jua likichomoza, naomba liwe upande wangu."