Rukia na Tari la Shangazi

Harufu ya ngozi ya mbuzi ikipashwa moto hunirudisha mtaani kwetu Chaani mara moja. Shangazi Mwanasha ndiye aliyewaongoza wanawake wa mtaa wetu katika maulidi, na kabla ya kupiga aliwasha makumbi ya nazi uani, akayapitisha matari yake, zile ngoma za mkono, juu ya moto mpaka ngozi zikakaza. Ndege zilipita juu ya mapaa yetu zikielekea uwanja wa ndege, kwa hivyo nyumbani hatukuzungumza, tulipiga makelele. Ndege ikipita, tuliambiana kwa mikono na kutazamana midomo. Ndiyo maana hakuna aliyegundua hali ya mdogo wangu Rukia.

Tuligundua siku mama alipompeleka kuandikishwa darasa la kwanza, katikati ya miaka ya themanini. Nami nilikuwepo. Rukia alipitisha mkono juu ya kichwa akashika sikio la upande wa pili, kama watoto walivyopimwa umri siku hizo, nasi tukatabasamu. Kisha mwalimu akageukia ubao. "Jina lako nani?" Akauliza tena. Rukia alikuwa akikitazama kisogo cha mwalimu, akingoja ageuke. Nililala naye kitanda kimoja miaka yote ile, na sikujua!

"Mtoto huyu hasikii," mwalimu alisema. "Akiwa vivi hivi, mama, siwezi kumpokea. Mjaribu mwakani."

Mama alilia njia nzima. Hospitalini walisema Rukia anasikia kidogo sana, na kwamba hawana cha kumpa. "Basi hicho hicho kidogo tukifanyie kazi," alisema shangazi. Alimkalisha uani, akamwegemezea tari kifuani. Akipiga katikati, mlio mzito. Akipiga ukingoni, mlio mwembamba, na Rukia alijibu kwa tari jingine alilopewa. Baadaye shangazi akahamia nyuma yake, kisha mlangoni, kila jioni. Akaanza kuliita jina lake pamoja na mapigo, na mwishowe kwa sauti peke yake. Majirani walicheka, na mimi pia niliona anajisumbua bure.

Siku moja Rukia alikuwa akikuna nazi, ametupa mgongo. Mama, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni, akaita kwa mazoea tu, bila kupaza sauti, "Rukia."

"Abee, mama."

Ungo ulimponyoka, mchele ukatapakaa uani. "Wallahi, nani kaitika?" aliuliza, na huku amemwona. Januari Rukia alianza shule.

Mwaka jana mjukuu wa Rukia, aliyezaliwa kiziwi, alipasuliwa na kuwekewa kifaa cha kusikia ndani ya sikio. Nilidhani kikiwashwa tu atasikia kama sisi. Kumbe alilia kwa hofu, sauti zote kwake zilikuwa fujo tupu! Mtaalamu akatueleza kwamba kifaa huleta sauti, lakini mtoto hufundishwa kuzitambua, na akashauri afunzwe muziki. Mimi na Rukia tulitazamana, midomo wazi. Jambo lililochekwa Chaani sasa tunashauriwa hospitalini.

Juzi nilimkuta Rukia uani na tari la shangazi, mtoto amempa mgongo. Alipiga, akaita, kisha akaita bila kupiga.

"Abee, bibi," mtoto akajibu, kwa sauti ndogo mno.

Rukia aliendelea kungoja. Hakusikia. Nikamwashiria kwa mikono, kama zamani ndege zikipita: kaitika.