Kuuawa Mbele ya Mama Mkwe

Nafundisha udereva huku Changamwe, kwenye zile barabara za nyuma za kuelekea uwanja wa ndege, ambako asubuhi malori si mengi. Mwanafunzi akizima gari katikati ya njia na walio nyuma wakaanza kupiga honi, mimi humwambia: usiwaangalie, hao nao walizima. Kanyaga klachi, vuta pumzi, washa tena. Nimeyasema maneno hayo hadi mke wangu huyarudia jikoni wali ukishika chini. Kwa aibu za watu wengine mimi ni mwalimu mzuri. Hii ninayoisimulia ni yangu mwenyewe, na bado sijapata wa kunifundisha.

Ilitokea ndani ya mchezo wa simu. Najua wapo watakaotaka kuacha kusoma hapo. Nivumilieni, nitaueleza polepole, si mgumu.

Ni mchezo wa kujenga. Unapewa ardhi tupu, unachimba udongo na mawe, unakata miti, unapanga vipande vya mraba kama matofali mpaka vinakuwa nyumba. Watu wengi huingia kwa pamoja, kila mmoja na simu yake mahali alipo, na kila mmoja ana kijimtu chake kinachotembea humo. Vijimtu hivyo vinaweza pia kupigana. Ukiuawa hupotei moja kwa moja, unaamka tena kwenye kitanda chako. Ila kila ulichobeba kinabaki pale ulipoangukia, pamoja na nguo. Unaamka umevaa chupi ya kijivu tu, na aliyekuua anaweza kuokota suruali yako akaenda zake.

Humo kuna watu ambao raha yao yote ni hiyo: kuwavizia wenzao waliokuja kujenga, kuwaua, kuwabomolea, kisha kuwacheka. Wenye mchezo walilijua hilo, wakaweka swichi. Mwenye kiwanja akiizima, hakuna anayeweza kumpiga mwenzake ndani ya kiwanja hicho. Kiwanja chetu kiliandikwa kwa jina langu, kwa hiyo swichi ilikuwa mkononi mwangu. Sikuizima.

Sababu ilikuwa kaka wa mke wangu. Yeye ni fundi wa friji huko Likoni, na hucheza akingoja wateja. Huku pwani mtu kama huyo tunamwita mlamu, na mlamu ni mtani wako. Siku ya harusi yangu alilala chali mlangoni, suti na yote, akakataa kuamka mpaka nimrukie. Akija kwangu huchukua nyama iliyo sahanini mwangu, si ile iliyo kwenye bakuli. Mimi nami niliwahi kumfichia viatu kanisani, akatoka kupokea wageni na soksi. Katika utani wa namna hiyo anayekasirika ndiye mwenye makosa. Basi hata mchezoni alikuwa akinivizia. Niko juu ya paa naezeka, nashtukia upanga mgongoni, kisha sauti yake kwenye simu, maana tunasikiana tukicheza: “Ulichukua dada yetu mlamu, nami nachukua suruali.”

Mke wangu hakupenda. Alinitaka niizime ile swichi, zaidi ya mara moja.

“Nikiizima,” nilimwambia, “nitakuwa nimemwambia ndugu yako sitaki utani naye.”

“Ni swichi ya mchezo, baba. Si barua ya talaka.”

“Kwa hiyo kama ni mchezo, mwache aue.”

Alinitazama kwa jicho la mtu anayeacha jambo si kwa sababu ameshindwa, akarudi kwenye ujenzi wake.

Na huo ujenzi ndio niliopaswa kuufikiria. Mke wangu alikuwa hajengi nyumba yoyote tu. Alikuwa anajenga kwao.

Kwao kulikuwa Mwakirunge. Baba yake alikuwa na shamba huko, akafia huko, akazikwa hapohapo uani kama ilivyo desturi yao. Baadaye watoto walikubaliana kuuza, wote, kwa sababu machimbo ya mawe yalishawazunguka na vumbi lilikuwa haliwaachi kulala. Kwenye makubaliano, kipande chenye kaburi kilibakizwa. Lakini shimo likachimbwa hadi karibu mno, na masika moja ukingo ukaporomoka usiku na kuondoka na kile kipande. Walipokwenda asubuhi hawakukuta pa kusimama wakasema ni hapa. Mama yao aliambiwa, akasema “haya,” na tangu siku hiyo hakulitaja tena shamba lile.

Ila mke wangu alipoanza kulijenga mchezoni, mama akaanza kulitaja. Anaishi Frere Town kwa binti yake mkubwa, na Jumapili baada ya ibada huletwa kwetu kula. Mke wangu huunganisha simu yake na televisheni, na mama huketi kwenye kochi akirekebisha. Mlango wa jiko haukuwa huku. Mnazi wa kwanza ulikuwa umeinama, huu mbona umesimama kama mlingoti wa bendera? Ghala lilikuwa na miguu, panya wasipande. Alikuwa akisema kwa haraka, kama mtu anayeogopa kusahau katikati ya sentensi.

Mimi sikuwa nikikaa humo chumbani. Hili nalo nalieleza kwa wasiolijua. Mlamu unamtania, lakini mama yake mlamu ni habari nyingine kabisa. Kwa watu wa kwao, mkwe wa kiume na mama mkwe huheshimiana kwa kupeana nafasi. Namwamkia shikamoo nikiwa mlangoni, macho chini, ananiitikia marahaba akitazama pembeni, halafu mimi natoka. Hatuli pamoja. Akitaka kuniambia kitu, anamwambia binti yake hata kama mimi nasikia. Siwezi kuonekana mbele yake nimejifunga taulo, na yeye hawezi kuketi kitandani kwangu. Si chuki. Nimeishi na heshima hiyo miaka yote ya ndoa na sijaiona kuwa mzigo.

Kwa hiyo Jumapili mimi hukaa barazani na simu yangu, dirisha likiwa wazi, na kijimtu changu ndicho kinachofanya kazi nzito: kuchota mawe, kukata miti. Mama husema ndani, “Mwambie mumeo alete mawe zaidi,” nami naleta kabla mke wangu hajanijulisha.

Jumapili ninayoisema, alikula kidogo, akanawa, akamwambia mke wangu, “Leo tuweke kaburi.”

Nilisikia dirishani. Mke wangu aliondoa sahani mezani. Kisha akasema, “Sawa, mama. Utatuonyesha.”

“Mwambie mumeo aende penye mkorosho.”

Nikaenda.

“Arudi nyuma kidogo, upande wa jua kuchwea. Hapo. Hapana, kichwa kilikuwa…”

Hapo ndipo mlamu aliponipiga. Alikuwa ameingia kimya, akajificha nyuma ya ghala. Upanga wa kwanza ukanitikisa, wa pili ukaniangusha, na sauti yake ikajaa simu yangu: “Mlamu, unasimama juani kama nguo mbichi, nimekuanua.”

Nikaamka kitandani na ile chupi ya kijivu. Kitanda changu kilikuwa ndani ya nyumba ileile, kwa hiyo nilitoka mbio uani hivyohivyo kufuata vitu vyangu, na kijimtu cha mke wangu kimesimama pale, na kila anachokiona kijimtu cha mke wangu kinaonekana kwenye televisheni. Mlamu akaniua tena. Nikaamka tena, nikatoka tena.

Na hapa nieleze bila kujipunguzia. Ningeweza kukata sauti na kusema: acha, mama yupo. Ningeweza kuizima swichi, ni kugusa mara moja tu. Badala yake nilicheka. Nilikuwa nimenogewa. Nilichukua shoka sandukuni nikamrukia, nikapaza sauti barazani hadi jirani akachungulia, “Leo utanijua mimi ni nani, leo nakuzika hapahapa.” Tukapigana, mimi na chupi, yeye na suruali yangu begani, tukizunguka mkorosho, tukichekeana kwenye simu kama vijana wa shule. Nilimwangusha. Nikashangilia.

Ndipo nikasikia kochi likilia na kandambili zikivuta sakafuni. Televisheni ikanyamaza. Mama alitoka kwa mlango wa nyuma, mkoba kwapani, leso imefunika kichwa mpaka paji la uso. Mke wangu alimfuata hadi stejini penye matatu, akarudi peke yake.

“Ameona?” nikamuuliza.

“Ameona.”

Alikunja kitambaa cha meza vizuri, akakikunjua, akakikunja tena.

Jumapili iliyofuata mama hakuja, alisema miguu inamuuma. Iliyofuata, ilikuwa mvua, na kweli ilinyesha, lakini si mvua ya kumzuia mtu. Uani kwa baba mkwe kulibaki pale tulipopaacha, mawe yangu yametawanyika chini ya mkorosho.

Nilimpigia mlamu. Alianza na kicheko chake, nikamkatiza.

“Mama alikuwa anatazama.”

“Anatazama nini?”

“Sisi. Kwenye televisheni.”

“Hiyo yenu kubwa?”

“Hiyohiyo.”

“Na wewe ulikuwa…”

“Nilikuwa.”

“Ee Mungu,” akasema polepole. Hakucheka tena.

Tukakubaliana la kufanya, wanaume wazima wawili. Mke wangu alisema zamani kwao, mama mkwe akimkuta mkwe yu uchi kwa bahati mbaya, hupelekewa leso mpya, akajifunika nayo, na jambo likawa limefunikwa. Tukanunua leso. Njiani kwenda Frere Town nilijitungia maneno kichwani: kwamba kile ni kijimtu tu, kwamba nguo zake hazifuati ridhaa yangu, kwamba nitakivalisha vizuri siku zote. Mimi ni mtu wa kueleza, nilijua nitaeleza hadi aelewe.

Alitupokea sebuleni kwa binti yake. Nilisalimu mlangoni, nikabaki hapo, macho kwenye mkeka. Mlamu akamwekea leso mapajani, akaanza kueleza kwa kujiumauma, desturi, televisheni, suruali.

Mama aliipapasa leso kwa vidole. “Nzuri,” akasema. Kisha akamwambia mwanawe, kwa maana mimi haniambii: “Mimi nimezaa wavulana, nimewaogesha. Nitakimbia katuni?”

Mama akaikunja leso mapajani.

“Nilikuwa naonyesha mahali pa baba yenu. Nilikuwa sijamaliza kusema kichwa kilielekea wapi. Kule kwenyewe mlishapauza, mkashindwa kupalinda, nikasema haya. Nikapata pengine pa kumweka. Mkaanza kuuana juu yake, na mnacheka. Wewe, na huyo.”

Huyo nilikuwa mimi. Katika miaka yote hiyo hajawahi kunitaja mbele yangu kwa neno baya, na hilo halikuwa baya, lilikuwa sahihi tu. Nilisimama mlangoni na maelezo yangu yote ya suruali, na hakuna hata moja lililokuwa na kazi. Wiki mbili nzima nilikuwa nimeona haya kwa ajili ya mwili wangu wa matofali. Kaburi halikuwa limenijia akilini. Nilikuwa nimesema nitamzika mtu hapahapa, kwa sauti, dirisha likiwa wazi, kwa mjane aliyekuwa anatafuta maneno ya kunionyesha hapahapa ni wapi.

Nilisema, nikitazama mkeka, “Tusamehe, mama.” Alitazama pembeni. Alijifunika leso mabegani, akamwuliza mwanawe kama amekula.

Siku hiyohiyo, tukingoja matatu kituoni, niliizima ile swichi. Mlamu alikuwa kando yangu akiona kidole changu. Nilidhani atasema lolote. Alisema tu, “Ungeizima zamani.”

Jumapili moja baadaye mama alikuja. Na mlamu alikuja mwenyewe kutoka Likoni, akaketi sakafuni karibu na miguu ya mama yake na simu mkononi. Mimi nilikaa barazani. Mama alisema kazi hiyo ataifanya mwanawe, si mtu mwingine, na ilikuwa haki. Nilikiacha kijimtu changu pembeni, mbali na mkorosho, nikawa nasikiliza sauti zao dirishani: kichwa huku, miguu huku, hapana, nyuma kidogo, jiwe la mwisho lilikuwa dogo kuliko hayo. Mlamu aliuliza mara nyingi, kwa sauti ambayo sikuijua, na kila mara mama alimjibu.

Kisha nikamsikia mama akimwuliza mke wangu, “Mumeo yumo?”

“Yumo, mama. Amesimama nyuma ya jiko.”

“Mwambie atoke hapo. Anakanyaga mihogo.”

Nikakisogeza hadi njiani, nje ya ua. Hakusema niende wapi baada ya hapo, na sikuuliza. Nilikaa palepale mpaka walipomaliza.