Ubatizo wa Pili wa Shangazi

Soko la korosho lilipoachiwa wanunuzi binafsi, Newala ilifunguka yote. Vikaja vitenge vipya, redio za kaseti, na walokole wenye spika kubwa kuliko kanisa lao. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, akawa miongoni mwa wa kwanza kuokoka.

Baba alikuwa mzee wa kanisa la Anglikana, na alichukia kwelikweli, maana shangazi alitaka kubatizwa upya, azamishwe mwili mzima.

"Shikamoo dada," alimwambia, kwani kwetu hasira haifuti shikamoo. "Yale matone uliyomwagiwa utotoni yamekauka?"

"Marahaba, mdogo wangu. Hayakutosha."

Taabu ilikuwa maji. Juu huku kwetu hakuna mto. Wenzake walishuka kubatiziwa bondeni, lakini shangazi alikuwa na pumu. Kushuka angeshuka, kupanda tena asingeweza. Maji ya karibu yalikuwa kwenye kisima chetu cha saruji, kilichovuna mvua kutoka kwenye mabati ya nyumba, na hayo ndiyo tuliyokunywa kiangazi chote. Baba aliapa hatatoa hata kikombe. Shangazi akaacha kuja kula kwetu. Alipolia kanisani kwao, tulimsikia kwenye spika, na baba akashindwa kumaliza ugali wake.

Jumamosi baba akachukua jembe, akachimba shimo uani huku akinung'unika, akatandika turubai la kuanikia korosho. Alimwahidi mama kwamba angetoa ndoo chache tu, tena kwa ajili ya undugu.

"Mafundisho yao bado ni ya upotofu," alisisitiza, akichota.

Kesho yake walokole wakaja wakiimba. Baba alikaa barazani amewapa mgongo, kitabu cha sala mkononi. Mchungaji akamlaza shangazi majini. Shangazi alikuwa mnene wa haja. Maji yakamwagika pande zote, na magoti yake yakabaki juu, makavu. Mchungaji akayaona, akatazama pembeni, akasema, "Amina."

"Amina ya nini?" Baba alikuwa ameshageuka na kusimama. "Magoti hayajaingia!"

Akakimbilia kisimani, akachota, akamwaga shimoni, akarudi tena. Mama akaikamata kamba ya ndoo.

"Baba watoto, tutakunywa nini?"

Baba alikuwa ameloa mpaka kifuani.

"Tutashuka bondeni," alisema. "Lakini kama ni kuzaliwa upya, dada yangu hazaliwi nusu."