Alhamisi za Lucienne

Kanuni ya kikundi chetu ni kwamba yanayosemwa ndani hayatoki nje. Ninayaandika kwa sababu Lucienne mwenyewe ameniruhusu, na Dany hana tena cha kuficha.

Lucienne na mimi tunauza makayabo, samaki wa chumvi, sokoni Mudzipela, na meza zetu zinagusana. Ni mtu wa Mahagi, Mkatoliki asiyekosa misa, na mkaidi kuliko yeyote ninayemjua. Mumewe Floribert alikuwa fundi nguo. Miaka mitano iliyopita alikuwa akirudi kutoka Marabo na cherehani yake juu ya baiskeli, wenye silaha wakamsimamisha njiani na kumuua. Maiti tuliletewa. Cherehani haikuonekana tena.

Madame Priscille, mwanasaikolojia, alitukusanya sisi tuliofiwa vitani kila Alhamisi nyuma ya parokia, kwenye viti vya plastiki vilivyopangwa duara. Utaratibu wake ulikuwa mmoja: ukimaliza kusema, aliyekaa mkono wako wa kuume anarudia maneno yako, na hakuna kuendelea mpaka wewe useme, "Umenisikia." Alisema mtu asiyesikilizwa hubaki na vita ndani yake. Mimi niliona ni mchezo wa watoto wa shule.

Kisha akaleta wanaume wanne waliotoka porini, waliokuwa wapiganaji. Mmoja wao, Dany, alisema halali usingizi. Alisema siku moja, njia ya Marabo, walimsimamisha fundi aliyebeba masini ya kushona kwenye baiskeli, na yule fundi hakufika kwake. Mkono wake wa kuume alikaa Lucienne. Aliyarudia maneno yale yote bila kukosea hata moja, huku akibana ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili.

Nje alikuwa akingoja Liévin, mdogo wa marehemu, dereva wa moto, yaani pikipiki. Alikuwa ameapa juu ya kaburi kulipiza kisasi, na habari za wale wanne zilikuwa zimemfikia.

"Shemeji, ni nani kati yao?"

Lucienne angenyoosha midomo tu kumwelekea Dany, na kazi ingekwisha. Badala yake alijibu, "Bado."

Mimi ningenyoosha midomo siku ile ile, na kesho yake sokoni nilimwambia hivyo. Aliendelea kupanga samaki. Alisema Liévin atamumaliza mara moja, na mara moja ni kidogo.

"Miye nataka asikie kwanza. Asikie yote."

Hapo nilijua hakuwa na chembe ya huruma, na nilifurahi.

Alhamisi iliyofuata alihama kiti, Dany akawa mkono wake wa kuume. Akasimulia. Jinsi alivyomwosha Floribert na kukuta uzi mweusi mfukoni. Jinsi alivyozunguka mitaa akiwarudishia wateja vitambaa visivyoshonwa, na kila mlango ukamuuliza fundi yuko wapi. Kitambaa kimoja kilikuwa cha suti ya harusi ya Liévin.

Dany akarudia kwamba huyu mama alifiwa na bwana yake.

"Bado," alisema Lucienne. "Rudilia."

Dany akaanza upya. Akasahau uzi. Bado. Wiki nyingine akasahau jina. Bado. Alhamisi ya sita alitoka kutapika ukutani, na Madame Priscille akamwonya Lucienne kwamba kikundi si mahali pa kutesa mtu. Lucienne akajibu kwamba kanuni ni yake yeye Madame. Dany alipoulizwa kama anataka kuacha, alisema atabaki. Na kila Alhamisi, nje, Liévin aliuliza swali lile lile na kupata jibu lile lile.

Ya tisa, Dany alisema yote. Jina, uzi, milango, suti. Kisha akaongeza jambo ambalo hakuna aliyemsimulia:

"Na ni miye nilimupiga, akafa. Masini niliuzisha Ariwara."

Lucienne akamtazama usoni. "Umenisikia."

Madame Priscille akaanza kuzungumzia msamaha, machozi yakimlengalenga. Lucienne akamkatiza kwa heshima.

"Simusamehe, Madame. Lakini sasa tunabeba wawili."

Akamshika Dany mkono hadi nje. Liévin alishuka kwenye moto, mkono ndani ya koti, na sote tulijua kuna nini ndani ya lile koti. Lucienne akasimama katikati yao.

"Ni yeye. Lakini sikia kwanza. Dany, rudilia."

Dany akarudia, pale ukutani. Alipofika kwenye kitambaa cha suti, Liévin alitoa mkono kotini, mtupu, akajifunika uso. Nilisikitika, nakiri. Nilikuwa nimengoja wiki tisa nione damu.

"Sasa twende tribunal," Lucienne alisema, akionyesha upande wa mahakama. "Utairudilia mbele ya bazuzi, mpaka nao baseme banakusikia."

Walipanda moto moja. Liévin mbele, Dany katikati, Lucienne nyuma, amemzungushia Dany mikono yote miwili kiunoni asije akaruka.