Ndege Hataki Kikohozi

Mimi hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Nimebeba magunia ya mpunga pale Ipinda bila viatu, shule nimeiachia darasa la nne, na leo mashine ya kukoboa iliyo kando ya barabara ni yangu, nyumba ya bati la rangi ni yangu, na kakao ya nusu ya kijiji inapita kwenye mizani yangu. Nimeibiwa, nimefilisika, nimezama na mtumbwi ziwani mbele ya Lyulilo nikaogelea hadi nchi kavu na mfuko wa fedha nimeung'ata kwa meno. Kwa hiyo nilipoambiwa mkamwana wangu, mke wa mwanangu mkubwa, ameondoka kwangu kwa sababu ya ndege, sikushangaa. Nilikasirika. Na hasira hiyo ninayo hata sasa ninapoandika.

Watu wa hapa wakipata fedha hununua pikipiki ya pili au huoa mke wa pili. Mimi nilinunua kamera. Nilikwenda Mbeya mwenyewe nikachagua yenye lenzi ndefu kama chupa ya chai. Kitabu chake kilikuwa cha Kiingereza, nikakitupa kabatini, nikabonyeza kila kitufe mpaka ikanitii. Hakuna aliyenifundisha. Na okidi pia hakuna aliyenifundisha. Maua haya huota juu ya miti, hayataki udongo. Wapasua mbao wakiangusha mti mlimani juu ya Matema, mimi nawahi kuyabandua kwenye matawi kabla hayajachomwa moto. Mengine nimeyafunga kwenye makumbi ya nazi, mengine yananing'inia uani ndani ya vyungu vya Lyulilo. Wale kina mama wafinyanzi walicheka mpaka wakakaa chini nilipowaambia watoboe chungu kabla ya kukichoma.

"Baba, maji yatakaa wapi?"

"Sitaki yakae."

"Basi nunua chujio!"

Wacheke. Okidi zangu zinachanua, na zikichanua ndege wanakuja.

Sasa kwa asiye wa kwetu nieleze jambo moja. Mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Akisikia naja, anaingia ndani au anageuzia uso ukutani, na mimi sisogei jikoni kwake. Sisi tunaita kutila. Nyumba nyingi zimeanza kulegeza, lakini wakwe zangu wa Ndandalo, wazazi wa mkamwana, hawajalegeza hata kidogo. Ndiyo maana baba mkwe mwenye adabu hukohoa kabla ya kukata kona ya nyumba. Kikohozi ndiyo hodi yetu. Tangu aolewe tuliishi hivyo, mimi nakohoa, yeye anapotea, na hatujawahi kukwaruzana.

Haya, niambieni: nani amewahi kumpiga picha chozi huku anakohoa?

Chozi ni ndege mdogo kama kidole gumba, na roho yake nyepesi. Ukipumua vibaya keshakwenda. Kwa hiyo nilijijengea kibanda cha majani ya migomba pembeni mwa ua, chenye tundu moja la lenzi. Naingia nyumba haijaamka, natulia kama jiwe. Asubuhi moja dume akatua kwenye okidi nyeupe, mgongo wa kijani unawaka, mdomo umezama ndani ya ua. Nikabonyeza. Bwana wee! Niliipeleka Mbeya ikakuzwa, upana wa mlango, nikaitundika ofisini kwenye mashine. Wateja wakauliza, "Mzee, hii umenunua wapi?" Nikawajibu, "Nimeinunua kwa jicho langu."

Kisha akaja shangazi wa mkamwana na mpunga wake. Alisimama mbele ya picha muda mrefu, nikadhani ameipenda.

"Mkwe," akasema, "ndege wako siku hizi anavaa kanga?"

"Ndege gani?"

"Huyu wa nyuma. Anayechota maji."

Nikasogea. Nyuma ya okidi, kwenye ukungu wa picha, palikuwa na mwanamke bombani, mkamwana wangu, kanga kifuani, kichwa wazi, ameinua uso anatazama moja kwa moja kwenye lenzi. Naapa sikuwa nimemwona. Mpiga picha anatazama ndege!

"Sikumwona," nikamwambia.

"Ndege wa kidole umemwona, mtu mzima hukumwona? Basi jicho lako la kununulia lina kasoro." Wenye magunia wakaangua kicheko, ofisini kwangu, kwenye foleni ya mashine yangu.

Kesho yake ndugu zake wakaja kumchukua mkamwana, pamoja na mjukuu wangu mgongoni. Mwanangu akanifuata uani.

"Baba, kikohozi tu. Ungekohoa."

"Nikikohoa chozi anaruka!"

"Na mke wangu ameruka. Huyo ulimwona?"

Tukaenda Ndandalo mimi na yeye. Baba wa binti alitukaribisha vizuri, akatuweka kwenye viti vya heshima, na upole wake ndio ulionichemsha damu.

"Mkwe, hatusemi una nia mbaya," akasema. "Tunasema ulijificha. Mtoto wetu atajificha vipi na mtu aliyejificha?"

"Nilijificha ndege asinione!"

"Ndege hana baba wa kumlalamikia. Huyu anaye. Lete ng'ombe."

Nikasimama. Nikawaambia mimi sikuokota mali yangu barabarani, na ua ule ni wangu, na bomba lile nimelivuta mimi, na siwezi kutozwa ng'ombe kwa kukaa kimya nyumbani kwangu. Nikasema mengi. Nilipogeuka kuondoka, mwanangu hakuinuka. Alibaki kwenye kiti chake, macho chini.

"Nenda, Baba. Mimi nabaki hapa mpaka mke wangu arudi. Asiporudi, nitalima mpunga wa hapa."

Mimi nimemsomesha huyo mtoto mpaka kidato cha nne! Mashine namwachia yeye. Nilirudi Ipinda peke yangu, natukana njia nzima, na jioni nilikuta nyumba imetulia kuliko kibanda cha ndege. Mke wangu aliniwekea chakula akaenda kulala.

Nikapeleka ng'ombe Ndandalo, mke wangu akifuata nyuma. "Ndaga fijo," akashukuru baba wa binti, na shangazi akamzunguka mnyama akisema mbona mwembamba. Mkamwana hakurudi. Alimwita mke wangu chumbani, na mke wangu ndiye aliyenifikishia maneno yake.

"Anasema ng'ombe ni wa baba yake. Yeye anataka bomba lake nyuma ya jiko, na ukuta wa tofali katikati. Ukae na ndege wako, ukohoe usikohoe, hataki kujua."

"Na picha? Anataka niichome?"

"Hapana. Anasema ndege ni mzuri. Umkate yeye tu."

Hilo lilinikera kuliko ng'ombe. Hakuna anayekata picha yangu. Niliikata mwenyewe, kwa mkasi wa kukatia nyuzi za magunia, na ile picha ya upana wa mlango ikabaki na upana wa dirisha. Fundi akachimba mtaro, ukuta ukapanda, bomba likatoa maji. Wakarudi wote watatu siku moja, na mjukuu wangu ameota meno sikuwepo. Shangazi bado analeta mpunga wake kukoboa na bado anaomba nimpunguzie. Simpunguzii. Ng'ombe, tofali, saruji, mabomba, fundi na fremu mpya, vyote pamoja: shilingi milioni moja, laki tisa, elfu arobaini na tatu na mia tano.